Kuifunga mashine ya msasa wa mkanda mezani bila kuhatarisha vidole

Chukua mwiko wa mninga uliokwisha kuchongwa, umebaki kulainishwa ukingo. Ukiwa na mashine ya msasa ya kushika mkononi, utaubana mwiko kwenye benchi, utapitisha mashine, utafungua klampu, utaugeuza, utaubana tena. Mwiko mmoja unaweza kuufunga na kuufungua mara sita. Ukipata oda ya miko hamsini, siku yako inaishia kwenye klampu. Ndipo fundi anapofikiri: kwa nini mashine isitulie, mti ndio uje kwake?

Fikra hiyo ni sahihi. Mashine kubwa za msasa za kusimama zipo, lakini bei yake si ya karakana ndogo, na nafasi zinayokula ni kubwa. Mashine ya mkononi unayo tayari. Ukiifunga vizuri, inafanya kazi nyingi za ile kubwa: kunyoosha kingo, kuviringisha pembe, kusawazisha miguu ya vigoda, kulainisha vibao vya kukatia nyama. Hata kihistoria ni kama kuirudisha nyumbani. Mashine ya msasa wa mkanda ya kubebeka ilitengenezwa na kampuni ya Porter-Cable ya Marekani mwaka 1926, kwa lengo la kuipeleka kazini badala ya kuleta kazi kwake. Sisi tunafanya kinyume.

Kwenye kinyume hicho kuna jambo ambalo nataka ulishike kabla hujagusa spana. Mashine hii iliundwa ishikwe kwa mikono miwili, mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye mpini wa mbele. Mikono yote miwili ikiwa kwenye mipini, hakuna kidole kinachoweza kufika kwenye mkanda. Na ukishtuka ukaachia swichi, umeme unakatika. Hizo ni kinga mbili, na zote zimo ndani ya namna ya kuishika. Siku unapoigeuza tumbo juu na kuifunga mezani, kinga zote mbili zinaondoka kwa pamoja: mikono sasa iko kwenye mti unaoelekea mkandani, na swichi imefungwa, haikusikilizi tena. Kufunga mashine isitikisike ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzirudisha kinga hizo kwa njia nyingine.

Na usiudharau mkanda kwa sababu hauna meno. Mashine za mkanda wa milimita 100 kwa 610, ambazo ndizo nyingi kwenye karakana zetu, hukimbia hadi mita 500 kwa dakika zile zenye nguvu. Hiyo ni kilomita 30 kwa saa, mwendo wa bodaboda mtaani. Kidole kikigusa mkanda wa namba 60, yaani wa chembe kubwa, kwa mwendo huo, ngozi inaondoka kabla hujajua umegusa. Haikati ikaacha mshono wa kushona, inakwangua, na kidonda cha kukwanguliwa kinapona taratibu.

Kwanza, ikague mashine yenyewe

Soma kijitabu chake kama bado unacho. Baadhi ya watengenezaji, Bosch na Makita wakiwamo, wamewahi kuuza fremu maalumu za kusimamishia mashine zao za msasa. Kama yako ina fremu ya kiwandani na unaweza kuipata, inunue, uishie hapo. Kama kijitabu kinakataza kabisa kuigeuza, tii; huenda matundu ya hewa au mfuko wa vumbi vimekaa mahali ambapo mashine ikigeuzwa itajinyonga.

Igeuze ikiwa haijachomekwa, uilaze chali mezani. Inakaa? Mashine za zamani nyingi zina mgongo bapa, zinatulia zenyewe. Za siku hizi zimeviringwa kwa ajili ya urembo na kushikwa mkononi, kwa hiyo zinayumba kama yai. Tazama pia upande wa wazi, ule unaotolea mkanda. Upande huo lazima ubaki huru, maana utabadilisha mikanda kila wiki na hutaki kufungua kila kitu.

Zungusha kwa mkono rola mbili zinazobeba mkanda. Zikikwaruza au kutikisika, bearingi zimechoka, tengeneza kwanza. Angalia waya pale unapoingia kwenye mpini: hapo ndipo unapochanika, na mashine ikishafungwa mahali pamoja hutapaona tena kirahisi. Angalia kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya injini inayozunguka. Mashine ya mkononi hufanya kazi dakika kumi ikapumzika. Ya mezani utaitesa saa nzima, na kaboni zilizobaki milimita chache zitaanza kurusha cheche wakati usiotarajia.

Jambo moja halina mjadala: usitoboe bodi la mashine. Nimeona mtu akipitisha skrubu kwenye plastiki ya injini ili kuikaza kwenye ubao. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko, maana yake mashine haina waya wa kutua ardhini, ila ina tabaka mbili za kuzuia umeme, na lile bodi ni mojawapo. Skrubu yako inaweza kuwa ndiyo njia ya umeme kufika mkononi mwako. Na usiibane kwenye jiriwa kwa kukandamiza injini. Bodi likijikunja kidogo tu, shafti inatoka kwenye mstari, bearingi zinapiga kelele, na siku moja plastiki inapasuka mashine ikiwa inazunguka.

Chali au ubavu?

Kuna namna mbili za kuilaza, na kila moja ina kazi yake.

Chali, mkanda ukitazama dari, ni nzuri kwa nyuso bapa: kibao, kitako cha bakuli, mguu wa kigoda. Unaweka kazi juu ya mkanda na uzito wake wenyewe unasaidia. Ubaya wake ni kwamba huna cha kukuhakikishia pembe. Mkono ukiinama kidogo, ukingo unatoka mshazari.

Ubavu, mkanda ukiwa umesimama kama ukuta, na meza ndogo mbele yake, ndiyo ninayoipenda mimi. Kazi inalala mezani, unaisogeza kwenye mkanda, na kama meza iko nyuzi 90 na mkanda, ukingo unatoka nyuzi 90 bila wewe kuhangaika. Rola ya mbele, ile isiyosukumwa na injini, inakuwa chombo cha kulainishia mikunjo ya ndani, kama ile shingo ya mwiko. Na muhimu zaidi, vidole vinakuwa juu ya meza, pembeni ya mkanda, haviko juu yake. Nitaeleza hii kwa urefu. Ya chali inafuata kanuni zilezile.

Kitanda

Kitako kitoke kwenye plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vilivyogundishwa pamoja hadi viwe milimita 36. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 40 unatosha mashine ya mkanda wa milimita 100. Plaiwudi moja ya milimita 18 peke yake inapiga ngoma: mtetemo unaongezeka, nati zinalegea, na kelele inakuwa mara mbili. Gundisha, bana kwa klampu usiku mzima, acha ikauke.

Laza mashine juu ya kitako, upande wa wazi ukitazama juu. Haitalala sawasawa, kwa sababu upande wa chini una kifuniko cha gia au cha mkanda wa injini, na kimejitokeza. Usihangaike kuupata ulalo kwa macho. Chukua vipande vya mbao laini, msonobari unafaa sana, uchonge vigogo vitatu vya kuibeba: kimoja chini ya bodi karibu na rola ya mbele, kimoja chini ya kifuniko cha nyuma, kimoja chini ya mpini. Vitatu, si vinne. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu ikiwa mbaya, na hapa ni hivyohivyo. Chonga kila kigogo kifuate umbo la bodi. Pima, ondoa kidogo, pima tena. Hii ndiyo sehemu inayokula muda, na mtu mwenye haraka huwa anaharibu hapa. Mimi yangu ilinichukua mchana mzima, na vigogo viwili vya kwanza nilivitupa.

Ukishavipata, vipake gundi na kuvifunga kwa skrubu kutokea chini ya kitako. Juu ya kila kigogo bandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo unafanya kazi mbili: unashika bodi lisiteleze, na unakula mtetemo. Usiweke sponji wala matambara. Vitu laini sana vinaifanya mashine icheze, na mashine inayocheza inahama kidogokidogo kuelekea mti.

Sasa kuikaza. Tengeneza madaraja mawili ya mbao ngumu, upana wa sentimita 4, unene wa sentimita 3. Moja lipite juu ya bodi la mbele bila kuziba njia ya kutolea mkanda, jingine juu ya mpini au shingo ya mpini. Kila daraja lishushwe kwa bolti mbili za M8 (unene wa milimita 8) zinazopenya kitako chote, na washa pana chini, na nati zenye nailoni ndani, zile zisizolegea kwa mtetemo. Chini ya daraja nako weka mpira wa tyubu. Kaza kwa mkono mpaka spana ianze kugoma, halafu ongeza robo ya mzunguko. Basi. Ukisikia plastiki inalia, umezidisha.

Kabla ya kukaza moja kwa moja, tafuta matundu ya hewa ya injini. Yako ya kuingizia na ya kutolea. Daraja, kigogo au ukuta visikae karibu nayo kwa chini ya sentimita 3. Feni ya mashine ndiyo pumzi yake. Nilishaona mashine nzuri ikichemka mpaka ikanuka kama plastiki ya sufuria, kisa tu kigogo kilikaa kwenye tundu moja.

Mwisho wa sehemu hii, jaribu kwa mikono: shika bodi, sukuma, vuta, pindua. Kitako chote kisogee pamoja na mashine. Kama mashine inasogea na kitako kimetulia, rudi nyuma.

Meza ndogo

Meza ni plaiwudi nyingine ya milimita 18, iliyosimama kwa nguzo juu ya kitako, yenye upana wa kutosha kazi zako. Sentimita 40 kwa 25 inafaa. Kimo chake ndicho chenye ujanja. Uso wa meza lazima uwe juu kidogo ya ukingo wa chini wa mkanda, milimita 3 hivi. Ukiuweka chini yake, ukingo wa mkanda utabaki hewani ukisubiri nyuzi za nguo au kucha; ukiweka sawasawa nao, kutabaki mstari usiosuguliwa chini ya kazi.

Nafasi kati ya meza na mkanda iwe milimita 2. Si 5, si 1. Ikiwa pana, kipande chembamba kinaingia kati, mkanda unakivuta chini, na kidole kinachokishika kinafuata. Ikiwa finyu mno, mkanda unapoyumba kidogo unaanza kuila meza. Mimi hutumia kadi za simu zilizobanwa pamoja hadi zifike unene huo kama kipimo. Unazipachika kati, unasogeza meza mpaka iguse, unakaza, unazichomoa.

Weka skwea, kile kipimo cha nyuzi 90, juu ya meza, iguse mkanda sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Pima pale penye bamba la nyuma ya mkanda, si kwenye rola. Kama kuna mwanga unapita, ingiza vipande vya kadi chini ya nguzo za meza mpaka ufungike. Kazi ya dakika ishirini hapa itakuokoa miaka.

Kizuio, na mti unaelekea wapi

Chukua mashine nyingine ya msasa mkononi, au ikumbuke hii ulipokuwa unaitumia: ukiiwasha juu ya ubao huwa inataka kukimbia mbele, kukuacha. Hiyo ni kwa sababu mkanda upande wa chini unasafiri kutoka mbele kwenda nyuma, kuelekea kwenye mpini. Ukiilaza, mwelekeo huo haubadiliki. Mkanda utauvuta mti wako kutoka rola ya mbele kwenda rola ya nyuma, na ukiuachia utarushwa upande huo.

Kwa hiyo upande wa rola ya nyuma ndipo pa kuweka kizuio: kipande cha mbao ngumu kilichosimama juu ya meza, kikipita mbele ya mkanda kwa nafasi ileile ya milimita 2, kimekazwa kwa bolti mbili. Mti unaegemea hapo, mkanda unausukuma dhidi ya kizuio badala ya kuutoa mikononi mwako. Bila kizuio, wewe ndiye kizuio.

Na usisimame kwenye njia hiyo. Simama mbele ya meza, kidogo kuelekea rola ya mbele. Upande wa rola ya nyuma pasiwe na mtu, kioo, wala mlango wa kuingilia karakana. Kama karakana yako iko wazi barabarani kama nyingi za Keko, Dar es Salaam, geuza benchi lote mpaka njia hiyo itazame ukuta.

Sehemu ya mkanda isiyotumika, ile inayorudi nyuma ya mashine, ifunike kwa plaiwudi nyembamba. Hakuna kazi inayofanyika huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuacha wazi. Mkono wa msaidizi anayefagia ndio unaofika huko.

Swichi, hapa usifanye uchumi

Mashine nyingi zina kitufe cha kufungia swichi, ili usichoke kuibana. Mezani utakihitaji. Lakini kina hatari ambayo sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tunaijua kuliko yeyote.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Mashine ikanyamaza. Nikaweka mti chini, nikatoka kunywa chai. Kijana wangu akaona afadhali abadilishe mkanda wakati tunasubiri. Alikuwa ameshalegeza wenzo, mkono uko juu ya rola, mara umeme ukarudi. Swichi ilikuwa bado imefungwa. "Fundi, imewaka yenyewe!" Mkanda ulioegeshwa ulitoka ukapiga ukuta wa mabati. Mkono wake ulipona kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ameunyanyua kufuta jasho. Nilikaa chini nikashindwa kuongea. Kosa halikuwa lake.

Kuanzia siku hiyo mashine yangu haichomekwi moja kwa moja ukutani. Inapita kwenye swichi ya sumaku, ile yenye vitufe viwili, kijani na chekundu. Ndani yake kuna koili inayoshikilia swichi kwa nguvu ya umeme wenyewe. Umeme ukikatika, koili inaachia. Ukirudi, hakuna kinachowaka mpaka mtu abonyeze kijani kwa hiari yake. Maduka ya vifaa vya umeme na vya mashine za mbao huwa nayo. Chagua inayobeba ampea za mashine yako na kuzidi. Mashine ya wati 1200 kwenye volti 230 inakula zaidi kidogo ya ampea 5, kwa hiyo swichi ya ampea 10 inaitosha. Kama hujazoea kazi za umeme, muite fundi umeme aiunge ndani ya boksi lake, kwa sababu vumbi la mbao likiingia kwenye viunganishi vilivyo wazi linawaka.

Ifunge mbele ya kitako, mahali ambapo paja au goti linaweza kukifikia kile kitufe chekundu mikono yote ikiwa kazini. Usiiweke nyuma ya mkanda. Mtu akipata tatizo hanyooshi mkono kupita kwenye tatizo lenyewe.

Mbadala ni swichi ya kukanyaga, ya aina inayowaka ukiwa umeikanyaga tu na kuzima ukiinua mguu. Hiyo inarudisha ile kinga ya kuachia ambayo mashine ilikuwa nayo mwanzo. Ubaya wake ni kwamba kipande cha mti kikiiangukia inawaka, kwa hiyo nunua yenye kifuniko. Kufunga swichi kwa waya, solotepu au mpira si mbadala wa chochote.

Waya wa kuongezea uukunjue wote, usiuache umezungushwa kwenye kibao. Uliozungushwa unapata joto. Upitishe juu au nyuma ya benchi, kamwe si mbele ya miguu yako. Na kama unaweza, sakiti ya karakana iwe na breka inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30.

Vumbi

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Seremala wengi huliona vumbi kama uchafu tu. Vumbi la msasa ndilo baya kuliko la msumeno, kwa sababu ni laini na linaelea. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na mninga unawafanya wengi wapige chafya mchana kutwa.

Mfuko wa mashine ukiilaza ubavu huwa unaning'inia vibaya au kujikunja mdomo. Utoe, uunge bomba la mashine ya kufyonza vumbi pale kwenye tundu. Kama mdomo haulingani, kipande cha mpira wa ndani wa gari kilichokazwa kwa kliipu ya hosi kinatosha. Kama huna cha kufyonzea, rudisha mfuko, ufungie kamba uning'inie wima, na uumwage ukiwa umejaa nusu. Vaa barakoa ya N95 au FFP2. Ile ya kitambaa inazuia maranda, haizuii unga.

Usisugue chuma kwenye mashine hii ikiwa na vumbi la mbao ndani. Hata kichwa cha msumari kilichojificha kinatoa cheche, cheche inaingia mfukoni, inajikalia kimya ndani ya unga mkavu, na moto unaanza usiku mmeshafunga. Kagua kila ubao wa zamani kwa sumaku kabla, na jioni mwaga vumbi nje ya jengo.

Kuiwasha mara ya kwanza

Kitako kikazwe kwenye benchi kwa klampu mbili imara au bolti. Weka mkanda wa namba 80. Ndani ya mkanda kuna mshale. Ufuate mwelekeo wa mzunguko. Ukiuweka kinyume, kiungo kinafunguka. Mikanda iliyokaa miaka dukani, hasa huku pwani kwenye unyevu, gundi ya kiungo hufa. Ukunje kidogo pale kwenye kiungo, ukiona unaachia, utupe.

Zungusha kwa mkono raundi mbili ukiwa umechomoa plagi. Sikiliza kama unagusa meza au kizuio. Vaa miwani na vizuia masikio, simama pembeni, washa sekunde mbili, zima. Mkanda umehama? Geuza kile kirungu cha kunyooshea mkanda robo raundi, rudia. Ukishatulia katikati, uache uende dakika tano bila mti, kisha chomoa plagi na ukaze nati zote upya. Zitakuwa zimelegea, mpira wa tyubu umejipanga. Kaza tena baada ya siku ya kwanza, halafu kila wiki.

Ukifanya nayo kazi

Glavu hapana. Mkanda ukishika uzi wa glavu unavuta mkono wote, na ngozi tupu angalau inaachia. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, pete na saa zivuliwe, ushungi au kitenge viingizwe ndani ya koti la kazi.

Kipande kifupi kuliko kiganja chako usikishike kwa vidole. Kibandike kwenye kibao kirefu kwa solotepu ya pande mbili, au tengeneza kishikio cha mbao chenye mkato wa kukikalia. Kwa miguu ya vigoda mimi nina kibao chenye shimo la nyuzi 90. Mguu unaingia, ninasukuma kibao, vidole viko sentimita 15 kutoka mkandani siku nzima.

Usikandamize. Mashine yenye mkanda mzuri inataka mguso tu. Ukijikuta unasukuma kwa bega, mkanda umeziba au umekufa. Uliozibwa na utomvu wa msonobari unaweza kuusafisha kwa kipande cha soli ya mpira laini, ile ya rangi ya asali ya viatu vya zamani: iguse kwenye mkanda unaozunguka, uchafu unashikana na mpira na kuruka. Sogeza kazi kushoto na kulia wakati wote, la sivyo mkanda unachimba na bamba la nyuma linapata joto sehemu moja.

Ukizima, subiri. Mkanda unaendelea sekunde kadhaa, na kelele ya feni ikipungua sikio linakudanganya kwamba umesimama. Kubadilisha mkanda, kupiga brashi, kutoa kipande kilichokwama: plagi itoke kwanza ukutani na uiweke juu ya meza ndogo, mahali unapoiona kwa macho yako. Hiyo ndiyo kanuni niliyompa yule kijana, na sasa anawafundisha wengine. Kila baada ya dakika ishirini za kazi nzito ipumzishe mashine ikizunguka bila mti kwa dakika moja, feni iipoze, kisha uizime.

Na siku mteja akikuita kusawazisha mlango nyumbani kwake, kitanda hiki kina faida yake: nati nne, madaraja mawili yanatoka, mashine iko mkononi. Rudisha mpini wa mbele kama uliutoa na mfuko wa vumbi. Kisha, kabla hujaipakia, hakikisha kitufe cha kufungia swichi kimeachia. Bonyeza swichi mara tatu ikiwa haijachomekwa, uisikie ikirudi yenyewe kila mara.